Mume Wangu Alivyogombea Nafasi ya Mwovu

Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kurudisha toroli la dukani mpaka mahali pake hata theluji ikimwingia masikioni, na wa kuwasalimu majirani ambao tangu tuhamie Markham hawajamwitikia hata kwa kikohozi. Nayasema haya mapema kwa sababu ninayotaka kuyaeleza ni namna alivyomfanyia mtu ubaya, ubaya halisi, ili apate nafasi ya kuigiza mtu mbaya. Angekuwa na subira kidogo, labda wangempa bure.

Ugonjwa huo aliupata shuleni. Alisoma mchepuo wa historia, Kiswahili na Kiingereza katika shule moja ya bweni huko Iringa, chini ya mwalimu aliyeamini kwamba tamthilia za kale za Kiingereza zina watu wa aina mbili: wema, ambao hufa mapema na hawana la kusema, na waovu, ambao hupewa hotuba. Mwalimu aliwakaririsha hotuba hizo. Wenzake walizisahau kwa furaha siku ile ile walipotoka kwenye chumba cha mtihani. Yeye akazitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi, akingoja siku itakapomkaa tena. Alitaka awe mwigizaji. Baba yake akamwuliza kama kazi hiyo ina pensheni, mazungumzo yakaishia hapo, akasomea kompyuta.

Tulifika Toronto mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukaanzia St. James Town, chumba kimoja huko juu, juu kiasi kwamba lifti ikiharibika ulijiuliza mara mbili kama kweli unahitaji mkate. Humo ndani, mimi nikikaanga vitunguu, yeye alisimama kati ya friji na mlango akatangaza, kwa Kiingereza cha watu waliokwisha kuoza, kwamba ataiangusha nyumba ya kifalme. Jirani akagonga ukuta. Mume wangu akauinamia ukuta ule kama mtu anayepokea makofi.

Baadaye mambo yalitunyookea. Tukapata nyumba Markham, nje kidogo ya Toronto, yenye gereji na kiuwanja cha majani ambacho kazi yake ni kukatwa. Yeye alikuwa na kazi katika ofisi ya kompyuta, akikagua programu za wenzake kutafuta makosa, kazi inayolingana kabisa na tabia yake. Mimi nilikuwa nahudumia wateja katika duka la dawa. Binti yetu alielewa kila Kiswahili tulichomwambia, akakijibu chote kwa Kiingereza. Hotuba zilihamia gerejini, zikapata mwangwi mzuri zaidi.

Pale dukani ndipo nilipomjua Daktari. Siku hiyo nilikuwa nikiongea na dada yangu kwa simu, kwa Kiswahili, nikidhani hakuna anayenisikia ila chupa za dawa ya kikohozi. Nilipoinua uso nikamkuta mzee wa Kihindi, mwembamba, kavaa koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Binti," akasema, "mzee kama mimi hapa hapewi shikamoo?"

Nikampa, na nikaona haya. Alikuwa Mwismailia, mzaliwa wa Mwanza. Alikuwa daktari wa meno kwanza kule, halafu huku kwa maisha yake yote yaliyobaki, na sasa alikuwa amestaafu, anaishi na mkewe Unionville, jirani na kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kanda ya Ziwa, kilichonyooka, chenye utani ndani yake. Alikuja kuchukua dawa za presha akaondoka na mwaliko wa pilau nyumbani kwetu. Alipokuja na mkewe, akamkuta mume wangu, na kabla wali haujapoa wale wanaume wawili walikwisha kugundua kwamba wote wana maradhi yale yale.

Daktari alikuwa katika kikundi cha maigizo cha pale Unionville. Kilikuwa kikundi cha walimu wastaafu, wauza nyumba na watu waliochoka kutazama televisheni, ambao kila mwaka walikodi ukumbi wa jengo moja la zamani wakacheza tamthilia ambayo hakuna aliyewaomba waicheze. Mume wangu alisikiliza habari hizo akiwa ameshika kijiko hewani. Daktari akamwambia atamwombea nafasi kwa mwongozaji, na kweli akamwombea. Alimpigia mwongozaji huyo, mama mmoja, simu, akamsifu mume wangu kama mtu anayemwozesha binti yake, akampitia kwa gari jioni ya kwanza asije akaona haya kuingia peke yake. Nayataja haya yote ili ijulikane aliyemfungulia mlango ni nani.

Mwaka huo, nadhani ulikuwa 2011, walichagua tamthilia ya zamani kuhusu karani wa nyumba ya mtawala mmoja. Karani ni mtu wa heshima, mnyenyekevu, anayependwa na kila mtu. Usiku anabaki peke yake jukwaani na kutuambia sisi watazamaji kwamba amechoka kuandika barua za wengine, sasa anataka barua ziandikwe kwa ajili yake. Basi anamtilia sumu mtawala. Halafu anamtilia mrithi. Halafu anamtilia mke wa mrithi, kwa sababu, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, sumu ilikuwa imebaki. Mwishoni, kwa haraka zake, anakunywa kikombe kisicho chake. Wote wanakufa isipokuwa mjumbe, ambaye hakuna aliyekumbuka kumuua.

Karani aliigizwa na Daktari. Mume wangu alipewa mjumbe.

Mjumbe alikuwa na mstari mmoja. Alitakiwa aingie, amwinamie karani, na aseme kwa Kiingereza, "Bwana, farasi wamefika," kisha atoke. Mwongozaji, mwalimu mstaafu mwenye mitandio mingi, ambaye kila alichokiona alikiita cha ajabu, alimweleza kwamba nafasi ile ni ndogo lakini ina uzito, na kwamba yeye alikuwa na uwepo. Uwepo wa nini, hakusema. Mume wangu alirudi nyumbani na uwepo wake akaanza mazoezi. Kwa majuma kadhaa farasi walifika nyumbani kwetu asubuhi na jioni. Walifika kwa huzuni, walifika kwa hofu, walifika kwa namna iliyoonyesha kwamba mjumbe anajua zaidi ya anavyosema. Binti yetu akaomba, kwa Kiingereza, farasi wafungwe mahali.

Nilikwenda kuwatazama siku moja wakifanya mazoezi, na ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimla mume wangu. Daktari alikuwa anatisha. Sikutegemea. Hakupandisha sauti, hakukunja uso. Alizungumza na yule mtawala aliyekuwa akimuua kwa sauti ile aliyoitumia miaka yote kwa wagonjwa wake, sauti ya mtu anayekuambia hutasikia maumivu yoyote. Nilijikuta nimekaza taya. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya pazia akimtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona mwenzake akiendesha gari alilolitamani tangu utotoni.

Kisha Daktari akaanza kusahau.

Mwanzoni ilikuwa neno moja hapa na pale, na nani hasahau. Baadaye akawa anasimama katikati ya hotuba, kikombe mkononi, akitabasamu kwa adabu kana kwamba ni zamu ya mtu mwingine. Jioni moja walipokuwa wakitoka, akamshika mume wangu mkono kwenye maegesho akamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo wengine pale wasingeielewa, kwamba kichwa chake siku hizi kinavuja. Akamwomba awe anasimama karibu na pazia, na yeye akikwama amnong'oneze. Na akamwomba asimwambie mtu, hata mkewe.

Mume wangu alinieleza haya usiku ule kwa moyo safi kabisa. Alikuwa ameguswa. Ili aweze kunong'ona ilibidi aikariri sehemu yote ya karani, na aliikariri kwa siku chache, jambo ambalo halikunishangaza kwa sababu ilikuwa kama kumfundisha fisi njia ya buchani. Majuma yaliyofuata alinong'ona vizuri. Daktari alikwama, mume wangu akamwokoa, na kutoka mbele hakuna aliyejua. Ningependa kusema kwamba hadithi iliishia hapo, na watu wawili walisaidiana.

Lakini nikaanza kusikia kitu katika taarifa zake za jioni. Kila siku alirudi na huzuni, na kila siku huzuni ilikuwa na takwimu. Mzee amekwama tena. Mzee amekwama pale pale alipokwama jana. Mzee leo ameruka ukurasa. Alitikisa kichwa, akavua viatu, akasema inasikitisha, na alisema inasikitisha kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. Mwisho akaniuliza kama nisingeona ni vizuri mwongozaji ajulishwe. Kwa faida ya mzee mwenyewe. Asije akaaibika mbele za watu.

Nikamwambia, kama ni kwa faida ya mzee, azungumze na mzee. Akasema hapana, hilo lingemwumiza. Basi nikamwambia aendelee kunong'ona. Akatoka kwenda gerejini, na kwa mara ya kwanza tangu tuijenge ndoa hii sikusikia hotuba huko. Alikuwa anafikiri. Ningejua, ningemwombea hotuba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Gari langu lilikuwa kwa fundi, nikampitia mume wangu ukumbini kwa basi ili turudi pamoja kwa gari lake, nikakaa kwenye viti vya nyuma. Daktari alikuwa kwenye hotuba kubwa, ile ambayo karani anabaki na maiti ya mtawala na kuizungumzia maiti kana kwamba ni rafiki aliyechelewa kuelewa. Akafika katikati. Akasimama. Akatabasamu lile tabasamu lake la adabu, kisha akageuza macho taratibu kuelekea kwenye pazia.

Nilikokuwa nimekaa nilimwona mume wangu vizuri. Alikuwa mahali pake. Alikuwa anajua neno lile, alikuwa amelisema gerejini kwetu mara nyingi hata mimi nalijua. Daktari akamtazama. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Alivitazama muda mrefu. Vilikuwa viatu vya kawaida, vya kahawia, nilimnunulia mimi. Yule maiti, ambaye mchana alikuwa muuza nyumba, akafungua jicho moja kuona kuna nini. Daktari akageuza uso kutoka kwenye pazia, akawaomba wote radhi, akasema labda wapumzike kidogo.

Wakati wa mapumziko nilimwona mume wangu akimfuata mwongozaji kwenye meza ya kahawa. Sikusikia kila kitu. Nilisikia kwamba hapendi kabisa kusema. Nilisikia kwamba anamheshimu mzee kama baba yake. Nilisikia kwamba ana wasiwasi tu. Alizungumza kwa upole, mkono kifuani, kichwa kimeinama kidogo, na nikatambua kwamba nilikuwa naangalia uigizaji bora kuliko wote utakaotokea ukumbini mle mwaka ule. Mwongozaji alimshika begani akamwambia yeye ni mtu wa ajabu.

Ndani ya gari nikamwuliza kwa nini hakunong'ona. Akasema hakuona kama mzee amekwama, alidhani ananyamaza kwa makusudi, ni mbinu ya uigizaji. Nikamwambia viatu vyake vitakuwa na mbinu nzuri sana.

Mwongozaji alizungumza na Daktari kesho yake, na mume wangu akapata alichokitaka. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako; hapa nguo yenyewe ililetwa mpaka nyumbani. Jumamosi kengele ya mlango ililia, nikafungua nikamkuta Daktari ameshika joho la karani, la mahameli meusi, ambalo mkewe alilishona, na kwenye mkono wa pili bakuli la kababu limefunikwa. Alikuwa amekuja kumpongeza. Alidhani mwongozaji ameona mwenyewe. Akamvalisha mume wangu joho pale pale sebuleni, akamzungusha, akavuta mabega, akasema litambana kidogo lakini mama atalifungua mshono.

"Afadhali umechukua wewe, kijana," akamwambia. "Wewe ndiye uliyenibeba mpaka sasa."

Mume wangu alisema asante mzee. Kisha akasema kuna kitu amesahau gerejini, akaenda na joho lake, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Mimi nilibaki na Daktari tukala kababu. Akaniambia amemwomba mwongozaji ampe ile nafasi ya mjumbe, maana akikaa nyumbani mkewe atamtuma dukani kila saa. Mstari mmoja hauwezi kumshinda, alisema.

Siku za maonyesho zikafika. Ukumbi ulijaa siku ya kwanza kwa sababu mume wangu aliwaalika Watanzania wote wa kanisani kwetu na Daktari alikuwa amewaalika jamaa zake wote kabla mambo hayajabadilika, na hakuwa na moyo wa kuwaambia wasije. Tulikaa mstari wa tatu, mimi katikati, binti yetu upande mmoja, na mke wa Daktari upande wa pili, akiwa na mkoba wake mapajani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja: kwamba atakuwa mzuri, na mimi nitalazimika kumpigia makofi huku nimekasirika. Sikuwa nimejiandaa kwa kilichotokea. Mume wangu alikuwa mbaya, na hapa sizungumzii uovu wa mhusika. Alipiga kelele. Alizungusha macho. Alipomtilia mtawala sumu alicheka cheko refu ambalo mtu yeyote aliyekuwa na kikombe mle ndani angelisikia akakiweka chini. Mtu ambaye majuma machache tu kabla alimmaliza rafiki yake kwa sauti ya chini, mkono kifuani, pembeni ya meza ya kahawa, sasa alikuwa akinguruma kama simba wa sarakasi. Nilitaka kusimama nimwambie, afanye tu kama alivyofanya Jumanne ile. Binti yetu akaniegemea akaniuliza kwa Kiingereza kama baba anaumwa.

Basi, kwenye sehemu ya tatu, karani yuko peke yake anapanga kumwua mrithi, mlango wa jukwaa ukafunguka na Daktari akaingia. Kofia ya mjumbe ilikuwa kubwa, imemshuka mpaka kwenye nyusi. Akamwinamia mume wangu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti iliyo wazi, iliyofika mpaka viti vya nyuma:

"Bwana, farasi wamefika."

Kwa Kiswahili. Upande wa kanisani ukaangua kicheko, Waismailia wazee nao wakacheka, na waliobaki wakadhani mjumbe ametoka nchi ya mbali, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mume wangu hakucheka. Alibaki mdomo wazi. Kile Kiswahili kilimwingia mahali fulani na maneno yote yakamtoka. Nilimwona akigeukia pazia, na kwenye pazia hapakuwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba yeye atahitaji wa kumnong'oneza.

Mjumbe alitakiwa atoke. Hakutoka. Alisogea karibu, kama mjumbe mwenye habari ya siri, akamwekea mume wangu mdomo sikioni, akamnong'oneza. Na mume wangu, ambaye kwa wakati ule angesema chochote alichoambiwa, akakisema kwa nguvu zote.

Ulikuwa mstari wa sehemu ya mwisho. Daktari alimpa mstari sahihi kabisa, wa mahali pengine kabisa. Waigizaji wengine waliposikia mstari ule walifanya walichozoea kufanya wanapousikia, yaani waliingia wote na vikombe vyao, na ndani ya dakika chache karani alikwisha kunywa kikombe kisicho chake na kufa. Sehemu nzima ya nne ilirukwa. Mke wa mrithi, ambaye alipaswa kuuawa katika sehemu hiyo, alibaki nyuma ya jukwaa amepakwa rangi ya mauti usoni, akingoja sumu ambayo haikufika. Nasikia aliacha kumsalimia mume wangu mpaka kikundi kilipovunjika. Watazamaji hawakugundua lolote. Mzee mmoja wa kanisa letu alisema anapenda michezo isiyorefushwa.

Kama Daktari alifanya makusudi, sijui. Nilimtazama aliponyoosha mgongo baada ya kunong'ona. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyemaliza kuziba jino.

Katika tamthilia hizi za kale mwovu hulipwa. Ndiyo raha yake, ndiyo sababu watu hukodi ukumbi. Mimi nami nilikaa pale nikingoja mchimba kisima aingie mwenyewe. Hakuingia. Mume wangu alifufuka, akavuliwa joho, akapewa maua na mwongozaji aliyesema alikuwa wa ajabu, akala keki sahani mbili. Jumatatu alikwenda kazini.

Nilimngojea malipo mpaka majira ya baridi, na yaliyokuja hayakuwa niliyoyangoja. Mke wa Daktari alikuja dukani kuchukua dawa za mumewe, na sasa zilikuwa zaidi ya za presha. Dukani hakukuwa na mteja mwingine. Akaniambia anajua aliyemwambia mwongozaji. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwombea mume wangu radhi, na nikiri nilikuwa na maneno makali tayari, nilikuwa nimeyatunza. Akanizuia kwa mkono.

"Mwanangu, nilikuwa naomba kila siku mtu amwambie," akasema. "Mimi sikuweza. Ningemwambia mimi, angejua kwamba nimeona."

Nilimpa dawa zake. Nilirudi nyumbani nimeudhika kuliko nilivyokuwa nimeudhika mwaka mzima, kwa sababu niliishi na mtu aliyekuwa ametenda uovu kamili, kwa nia mbaya kamili, na uovu huo ulikuwa umemsaidia mtu. Sikumwambia. Nilimwacha aendelee kudhani kwamba yeye ni mwovu tu. Ndicho alichokitaka tangu Iringa.

Na alikuwa anadhani hivyo. Hilo nalo niliona. Hotuba za gerejini zilikoma. Mwaka uliofuata mwongozaji alimpigia simu kumpa karani mwingine, sijui mshauri gani wa mfalme, mwenye kurasa na kurasa, akakataa akisema ana kazi nyingi. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa anakwenda Unionville kila Jumamosi kukaa na Daktari, ili mama, mke wa mzee, apate muda wa kwenda sokoni na jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Hakuna aliyemwomba. Alikwenda mara ya kwanza kumwomba radhi, akashindwa, akasaidia kuondoa theluji mlangoni, akarudi Jumamosi iliyofuata kujaribu tena, na ikawa mazoea.

Daktari kwa wakati huo alikuwa amerudi nyuma sana. Kiingereza kilikuwa kinamtoka kama koti linalovuliwa, na wajukuu zake, waliokuwa na Kiingereza peke yake, walikaa pembeni yake wakitabasamu. Na mume wangu aliongea Kiswahili. Walicheza karata kwa sheria ambazo Daktari alizibadilisha kila raundi ili ashinde. Watu wa jamatkhana walianza kumsifu mume wangu kwa utu wake. Nilisikiliza sifa hizo nikiwa nimebana midomo. Alipoutaka ubaya aliuhangaikia miezi mitatu. Wema ukamjia wenyewe, bila hata jaribio la kuigiza.

Jumamosi moja nilikuwa pale jikoni na mama, tukikanda donge la chapati, mlango wa sebule uko wazi, na nikamsikia mume wangu hatimaye akimwambia. Alimwambia yote. Alimwambia juu ya pazia, na viatu, na meza ya kahawa, na kwamba alilijua lile neno na hakulisema. Alimwambia kwa sauti ya chini, bila mbwembwe, vizuri. Mama akaacha kukanda unga.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Fungua mdomo," akasema.

Mume wangu akamtazama. Daktari akarudia, kwa ule upole wake, kwamba afungue, haitauma. Mume wangu akafungua. Mzee akachukua kijiko cha chai mezani, akakigeuza, akamsukuma shavu kwa mpini wake, akachungulia huku na huku, akamwambia ageukie dirishani kwenye mwanga. Alichunguza muda mrefu. Mwisho akakiweka kijiko, akajifuta vidole kwa kitambaa, akasema lile la nyuma, chini, kushoto, limeoza, ndilo linalomsumbua, na asingoje.

Mama alirudi kwenye unga wake, mabega yakimtikisika. Sikuuliza kama analia au anacheka.

Kwenye gari, tulipokaribia nyumbani, mume wangu akajishika shavu. Ndipo akaniambia kwamba kweli, kwa muda sasa, upande ule huwa unamchonyota akinywa kitu baridi. Tukampeleka kwa daktari wa meno anayefanya kazi bado, kijana mwenye mashine za kila aina, ambaye alimpiga picha, akaitazama picha, akasema jino la nyuma, chini, kushoto, limeoza ndani kabisa na haliwezi kuzibwa. Kuna watu wa kanisani ambao, nilipowasimulia, walianza kuniletea maana. Niliwaambia waziache. Lilikuwa jino.

Likang'olewa siku ya Ijumaa. Kesho yake alikwenda Unionville kama kawaida, shavu limevimba kama amelificha yai, akaketi kwenye kiti chake kando ya meza ya karata. Daktari akamtazama, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akachungulia. Akauliza ni nani aliyeling'oa hilo. Mume wangu akamtajia mtaa. Mzee akasonya, akasema huyo ni mwanagenzi, ameacha fizi imechanika, akazichanganya karata na kumwambia akate.